Mama Alipofika Karne ya Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi, Mwandishi alikuwa anakaanga mayai, akili yake yote ikiwa kwenye meza ya kazi, mama yake alipoomba chumvi kwa Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita. Aliiomba vizuri, bila kubabaika. Alipopewa, aliinyunyiza kwenye yai akaendelea kula.

Mwandishi alizima jiko kwanza. Kitabu alichokuwa anaandika kilikuwa cha nne kuhusu historia ya Kiingereza, na jana yake alikuwa amemaliza sura ya kwanza, ile ya Kiingereza kikongwe. Vitabu vitatu vya awali vilimjengea jina. Watu wasioweza kumaliza methali moja ya bibi zao walivinunua wapate kujua kwa nini Mwingereza anaandika herufi k mbele ya neno la kisu halafu haitamki. Mama yake hakuwahi kusoma Kiingereza. Alikuwa na lugha mbili tu: ya kwao, ambayo wasemaji wake walikuwa wamekwisha kama sabuni, na ya mjini, aliyoisema kwa kuchechemea. Sasa zote mbili zilikuwa zimempisha mgeni.

"Mama, umeamkaje?"

Mama alimpapasa shavu akamwita kwa neno moja. Mwandishi alilijua. Siku hizi neno lile maana yake ni mpumbavu, lakini enzi zile lilikuwa mwenye heri.

"Asante, Mama," alisema, akaenda kuandika.

Kila alipofunga sura, kesho yake Mama aliamka karne moja mbele. Nyumba ilizoea. Paka aliitwa kwa neno ambalo leo wamebaki nalo kulungu peke yao, zamani likiwa la mnyama yeyote, na paka aliitika. Muuza maziwa aliamkiwa kwa lugha ya wafalme waliokwisha kuoza, akasema, "Salama, Mama, nusu lita kama jana?" Akamimina.

Habari zilifika chuo kikuu. Profesa alikuja na vinasa sauti na wanafunzi wake, wakavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mama," alisema Profesa.

Mama akamjibu kwa matamshi ambayo Profesa huyo alikuwa ameyakisia ubaoni maisha yake yote ya kazi. Profesa alitoa leso akajifuta uso.

"Nilikosea irabu moja," alimnong'oneza Mwandishi. "Moja tu, dada yangu."

Wakawa wanakuja kila alasiri. Mama alipenda wageni. Tangu ahamie kwa binti yake alikuwa akishinda chumba cha nyuma na redio, na binti akishinda na vitabu. Sasa alivaa kanga ya kutokea, akaketi katikati ya sebule, akasema, nao wakanasa.

Alipofika karne ya kumi na nne, Mama alisema macho yake hayaoni sawasawa. La kushoto limeingia ukungu. Alisema taratibu, akalifunika la kulia kwa kiganja ili waelewe. 

"Mmesikia hiyo n?" alisema Profesa. "Hiyo n mwishoni mwa neno la macho! Wingi wa zamani, mzima mzima! Mama, tafadhali, rudia."

Mama alirudia. Alirudia siku hiyo, na kesho yake, na wiki ile yote, kwa sauti iliyozidi kupanda, maana aliwaona wanaandika, na yeye aliamini anayeandika ndiye anayesikiliza. Mwandishi naye aliandika. Ile n ilimpa kurasa tano, na mhariri wake alimpigia simu kusema kwamba ndizo bora kuliko zote.

Neno la kila asubuhi nalo lilikuwa safarini. Mkono ulikuwa uleule shavuni, lakini mwenye heri alikuwa amegeuka asiye na hatia, kisha maskini wa kuhurumiwa. Siku sura ya mwisho ilipokamilika, Mama aliamka na Kiingereza cha watangazaji wa taarifa ya habari, akampapasa binti yake shavu, na neno likawa limefika lilikokuwa linakwenda.

Profesa alisikiliza kidogo, akaanza kukunja nyaya. "Hiki hata mimi ninacho," alisema, akaaga kwa adabu.

Jioni hiyo Mama alimimina chai pembeni ya kikombe, akamimina mpaka ikafika ukingoni mwa meza. Asubuhi Mwandishi akampeleka hospitali.

"Hili la kushoto limekwisha," alisema daktari wa macho. "Mshipa umekufa. Hakuwahi kulalamika?"

"Alilalamika."

"Lini?"

"Karne ya kumi na nne."

Daktari aliandika kwenye faili. "Mmechelewa sana," alisema. "La kulia tutalitilia dawa ya matone."

Kitabu kilitoka, kikapata tuzo. Chuoni, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliwekewa sauti ya Mama, wakaitikia kwa pamoja lile neno la macho mpaka wakaliweza.

Baadaye Kiingereza kikamtoka Mama chote, na ya mjini haikurudi. Alibaki na lugha ya kwao. Mwandishi alimpigia simu Profesa.

"Dada yake Mama alizikwa mwaka jana," alisema. "Amebaki yeye peke yake duniani anayeisema lugha yao. Njooni mnase."

"Ina maandishi ya kale?"

"Haina maandishi yoyote."

"Sasa tutailinganisha na nini, dada yangu?" alisema Profesa kwa masikitiko ya kweli. "Pole sana. Msalimie Mama."

Mwandishi mwenyewe lugha hiyo aliiacha bwenini, akiwa na miaka saba, na shule ikamsifu. Yalikuwa yamembakia maneno ya jikoni tu.

Alasiri moja Mama alivuta kiti, akaketi goti kwa goti na binti yake, akamgeuzia jicho zima. Akasema kwa muda mrefu. Mahali fulani alicheka, mahali fulani alishusha sauti akamshika mkono. Kisha akangoja jibu.

Katika yote yale Mwandishi alikuwa amelinasa neno moja: maji. Akainuka, akamletea glasi imejaa.

Mama aliitazama glasi, akamtazama mwanawe. Akayanywa yote kwa adabu ya mgeni, akaiweka glasi sakafuni, akaanza upya tangu mwanzo.