Jiko la Wageni

Mwanamke aliingia getini kwetu Bunju Jumatatu saa tatu asubuhi akiwa amebeba mwiko. Ulikuwa mwiko wa shule, ukisimamishwa unamfika kifuani, na kichwa cha mwiko amekiviringishia kanga kama anayefunika mtoto mchanga. Mlinzi alidhani anauza. Alimwambia hapa hatununui vyombo, hapa ni kampuni ya gesi.

"Najua ni kampuni ya gesi," alijibu. "Nimetoka Temeke. Namtaka Kokushubila. Yupo, hayupo?"

Pale ofisini hakuna aliyemtaja kwa jina hilo zima. Sisi tulimwita Dada Koku, na magazeti yalimwita mkurugenzi kijana. Nilitumwa mimi kumpokea mgeni, kwa sababu nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo, na kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za majiko ya gesi tunayotoa msaada kwa shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Allen?"

"Ndiye mie."

"Wewe ndiye unayempigiaga simu mwalimu mkuu kila mwisho wa mwezi kuuliza jiko linaendeleaje."

Nilisema ndiyo, nikitabasamu. Alinitazama bila kutabasamu, akasema anaitwa Tupokigwe, ni mpishi wa shule ya Temeke tuliyoipa jiko, kwa miaka kumi na tisa, na kwamba hakuna siku niliyoomba kuongea na mpishi.

Lazima nieleze hapa Dada Koku ni nani. Amekulia Kawe, binti wa mwalimu aliyehamia kutoka Muleba. Alisomea uhandisi. Akiwa na miaka ishirini na minne alikuwa akipita nyumba kwa nyumba huku Bunju akiuza taa za sola, enzi nguzo za umeme hazijafika kwenye viwanja vya ndani. Nguzo zilipofika, taa zikakosa soko, akahamia kwenye gesi: mitungi midogo ambayo mama lishe waliilipia kidogo kidogo kadiri walivyopika. Sasa ana miaka thelathini na mbili, karakana yake mwenyewe na wafanyakazi sitini. Na kila mwaka hutenga sehemu ya faida kujengea shule jiko la gesi, ili wapishi waachane na moshi wa kuni. Shule tisa zilikuwa tayari zimepata.

Wiki ile zilikuwa zinakuja sitini. Mfuko mmoja wa misaada wa nje ulikuwa umekubali kulipia majiko ya shule sitini, mkataba usainiwe Ijumaa. Mfuko ulituchagua kwa sababu ya taarifa zetu, ambazo zilionyesha kwamba majiko yetu yanatumia gesi kidogo kuliko ya wengine wote. Mtungi uliotakiwa kuisha kwa wiki tatu ulikuwa unakaa hadi miezi minne. Taarifa hizo niliziandika mimi. Nilikuwa nimechora na michoro.

Dada Koku alitoka ofisini kwake mwenyewe aliposikia sauti. Ni mrefu, na huinama kidogo anaposalimia watu wazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanikumbuka?"

Alijaribu. Siku ya makabidhiano kule Temeke kulikuwa na turubai, kwaya, utepe na watu zaidi ya mia tano.

"Usijisumbue," alisema Mama Tupokigwe. "Mie nilikuwa nyuma, napika pilau yenu. Kwa kuni."

Pale mapokezi tuna jiko moja la maonyesho, limeng'arishwa, na sufuria lake kubwa juu. Mama Tupokigwe aliufungua mwiko wake kutoka kwenye kanga, akalisogelea lile jiko, akautumbukiza mwiko ndani ya sufuria tupu na kushika mpini kama anayeanza kusonga. Viwiko vyake vilipanda hadi usawa wa masikio. Alijaribu kusukuma, mwiko ukateleza. Sufuria likayumba.

"Umeona?" alisema. "Ugali wa watoto mia nane hausongwi kwa mikono, unasongwa kwa mgongo. Lazima uwe juu yake, uulalie. Kwenye mafiga sufuria lipo hapa." Aliweka kiganja chini kidogo ya goti. "Nyie mmelipandisha huku kama meza ya chai."

Fundi wetu mkuu, Muhdhar, alikuwa amesimama mlangoni na miwani ya kuchomelea kichwani. Dada Koku alimgeukia.

"Tulipolijaribu tulipika nini?"

"Wali," alisema Muhdhar. "Wali na maharage. Siku tatu mfululizo. Mpaka jirani wakaanza kuja na sahani."

"Wali!" Mama Tupokigwe alicheka kwa mara ya kwanza. "Shule gani ya serikali umeona watoto wanakula wali Jumatatu? Wali unachemka wenyewe, mtu unafunika unaenda kusuka."

Niliuliza, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuipenda, kama ni hivyo basi kwa nini mwalimu mkuu kila mwezi aliniambia jiko ni zuri sana.

"Kwani uongo? Zuri. Tunalifuta kila Ijumaa. Tumelishonea kitambaa. Wakija wakaguzi tunawachemshia chai." Alianza kuufunga tena mwiko. "Wewe mtu akikuletea zawadi na kwaya juu, utamwambia haikutoshi? Kwenu hamna kabati la vyombo vya wageni? Lile ndilo jiko la wageni."

Nilielewa kwa nini mtungi unakaa miezi minne. Dada Koku alikuwa ameelewa kabla yangu, maana hakunitazama kabisa.

Alimkaribisha mgeni kiti na kumuuliza kilichomleta leo. Mama Tupokigwe alikunja mkono wa gauni. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa mpya, ya waridi, inang'aa. Alieleza kwa ufupi. Kuni zimekatazwa kwa taasisi kubwa, na muhula huu mwalimu mkuu aliamua kwamba sasa jiko la gesi litumike. Yeye akapanda juu ya kreti la soda ili afikie sufuria. Siku ya pili kreti likateleza. Sasa mwalimu mkuu, ambaye si mtu mbaya, amesema mwezi ujao atatafuta wapishi warefu.

"Warefu?" aliuliza Dada Koku.

"Warefu. Kama wewe." Alimpima kwa macho. "Kazi nitaikosa kwa sababu ya kimo, na kimo nilipewa na Mungu. Sijaja kulalamika, mwanangu. Nimekuja uone."

Dada Koku aliinama akaupima kwa kiganja urefu wa miguu ya jiko. Kisha alisema kwamba jiko litakatwa miguu na kujengewa chini kwa saruji lisiyumbe, na Alhamisi atakwenda yeye mwenyewe Temeke asonge ugali wa shule juu yake, ili ajue kama linafaa kabla halijaitwa jiko.

"Utasonga wewe?"

"Mimi."

"Mhaya? Nyie si watu wa ndizi?"

"Na wewe wa Tukuyu mama, si ndizi vilevile?"

"Ndizi zangu ziliishia stendi ya basi mwaka tisini na nane." Alisimama, akauweka mwiko begani. "Wakubwa mnasemaga, hamji. Tunaanza saa nne kamili. Watoto wanakula saa sita."

"Saa nne kamili," alisema Dada Koku.

Jiko la Temeke liling'olewa siku hiyohiyo. Muhdhar alilileta karakana na kulifanyia kazi siku nzima ya Jumanne, kwa sababu ukilishusha jiko la gesi, moto unakosa hewa, ikabidi abadilishe na vichomeo. Alikuwa akinung'unika kwamba yeye alilipima kwa urefu wa jiko la mke wake, na mke wake hajawahi kulalamika.

Jumanne hiyo mchana ule mfuko wa nje ulipiga simu. Mkuu wao angeondoka nchini Alhamisi jioni, kwa hiyo kusaini kumesogezwa: Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi, hotelini mjini.

Revelian, anayesimamia fedha na ambaye alikuwa na Dada Koku tangu enzi za taa za sola, aliingia ofisini akiwa na furaha. Nilikuwepo, nakusanya taarifa zangu zote tisa kama nilivyoagizwa.

"Alhamisi nina miadi," alisema Dada Koku.

"Na nani?"

"Na Mama Tupokigwe."

Revelian alikaa. "Koku. Yule mama utaenda Ijumaa. Utaenda Jumatatu. Atafurahi vilevile. Hawa wanapanda ndege."

"Nilimwambia Alhamisi saa nne."

"Shule sitini, dada! Wapishi sitini wanavuta moshi. Wewe unaniambia sufuria moja."

Hoja yake haikuwa mbaya, na nadhani yeye Dada Koku aliijua kuwa si mbaya. Aliwapigia simu watu wa mfuko, mbele yetu, akaomba Ijumaa. Wakasema haiwezekani. Akaomba Jumatano. Haikuwezekana. Akawaambia, kwa utulivu ule ule, kwamba taarifa za gesi walizozisoma zina kosa, kwamba majiko yalikuwa hayatumiki vya kutosha, na kwamba Alhamisi asubuhi anakwenda kulijaribu jiko lililorekebishwa kwa kusonga ugali. Upande wa pili walicheka. Walidhani ni utani wa Kiswahili. Kisha wakasema wanamtegemea saa tano na nusu.

"Kosa ni langu," nilimwambia baadaye.

"Wewe uliandika ulichoambiwa," alisema. "Mimi nilipenda nilichosoma."

Alhamisi saa nne kasorobo tulikuwa Temeke. Jiko lilikuwa limefika jana yake, limesimikwa kwenye sakafu ya banda la kupikia, mdomo wa sufuria chini ya kiuno cha Mama Tupokigwe. Kitambaa walichokuwa wamelishonea, cheupe chenye maua ya bluu, kilikuwa kimekunjwa juu ya dirisha. Masufuria yalikuwa mawili. Sikuwa nimefikiria hilo, na nadhani hata Dada Koku hakufikiria: watoto mia nane hawalishwi na sufuria moja.

Revelian alibaki nje kwenye gari, injini inaunguruma. Simu ya Dada Koku nilipewa mimi niishike.

Alivua viatu vya ofisini, akafunga kanga kiunoni, akapokea mwiko. Uji ulikuwa umeshachemka. Mama Tupokigwe alimimina unga kwa beseni, mara ya kwanza, mara ya pili, na Dada Koku akaanza kugeuza. Dakika mbili za mwanzo alionekana anaweza. Kisha unga ukashika.

"Usiupige, usukume! Unagombana nao?"

"Unanivuta, mama."

"Lazima ukuvute, una nguvu kuliko wewe. Pinda magoti. Mgongo! Usomi uache mlangoni, leta mgongo!"

Wapishi wengine wawili, walioshika masikio ya sufuria kwa magunia, walikuwa wanacheka hadi sufuria linatikisika. Ila jiko halikuyumba. Muhdhar alikuwa amechuchumaa pembeni anatazama miguu yake ya saruji, hatazami kitu kingine. Dada Koku alisonga. Jasho lilimdondoka puani, akalifuta kwa bega. Saa nne na dakika arobaini Mama Tupokigwe alichukua kitonge cha ugali, akakitafuna, akakaa nacho mdomoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeiva," alisema.

Revelian alikuwa amefika mlangoni. "Tukiondoka sasa hivi tunawahi. Kwa pikipiki, dada. Nimeshaita pikipiki."

Simu ililia mkononi mwangu. Nilimwonyesha jina. Walikuwa watu wa mfuko.

Dada Koku alitazama viganja vyake. Kwenye mkono wa kulia malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka. Mama Tupokigwe alimwona akitazama.

"Nenda, mwanangu," alisema kwa upole. "Umefika, umesonga, nimeona. La pili tutalimaliza sie. Mimi sikudai."

"Nilisema ugali wa shule," alisema Dada Koku. "Shule inakula masufuria mangapi?"

Mama Tupokigwe alichukua beseni la unga. Simu ilinyamaza, ikalia tena. Revelian alisimama pale kidogo, halafu akatoka, na nikasikia injini ya gari inazimwa.

Dada Koku alizungushia kiganja kipande cha kanga, akakifunga fundo kwa meno, akasogea kwenye sufuria la pili. Wapishi walilipandisha jikoni mahali pa lile la kwanza, mpaka uji wake ukawa unatoa mapovu mazito. Alimwomba mama amimine unga polepole kidogo safari hii.

Kwenye saa tano na dakika arobaini ujumbe wa watu wa mfuko uliingia. Walishukuru kwa ushirikiano, na kwa mazingira yaliyojitokeza wangeendelea na mwombaji mwingine. Niliusoma mara mbili, nikasubiri. Hakuniuliza. Alikuwa amepinda magoti, anausukuma ugali kutoka ukingoni kuja katikati, na Mama Tupokigwe amesimama nyuma yake, kiganja kimoja amekiweka mgongoni mwake, akimwelekeza.

Saa sita kasoro dakika tano kengele iligongwa. Watoto wa darasa la kwanza walikuja mbele kwa mstari, kila mmoja na bakuli lake.