Jiwe la Mlangoni

Mlango wa ofisi ya Chama ulizuiwa na jiwe la kusagia ili upepo usiufunge. Lilikuwa jiwe la chini, pana, lenye bonde katikati. Bonde hilo lilichimbwa na mikono ya wanawake watatu wa mji mmoja, mmoja akifa mwingine akipokea. Sasa ndani yake mlikuwa na vipisi vya sigara, maganda ya karanga na kizibo cha soda.

Salvina alikaa kwenye benchi akilitazama. Alivaa gauni la shule, lile la kijani, ambalo pindo lake lilikwisha kushushwa mara mbili na kila pindo la zamani liliacha mstari. Kandambili zilikuwa za mama yake. Mama mwenyewe, Febronia, alikaa chini ameinyoosha miguu yake mitupu, anachambua pamba iliyonasa kwenye khanga yake. Alizitoa nyuzi moja moja na kuzifungia kwenye ncha ya khanga ileile. Hata pamba ya kwenye nguo ilikuwa ya mwenye shamba.

"Ukiingia, upige magoti," Febronia alisema.

"Ndiyo, mama."

"Usiwatazame machoni. Mkubwa akikuona umejishusha, moyo wake unalainika."

"Mwaka ule nilijishusha."

Febronia aliipata pamba nyingine karibu na goti. "Mwaka ule ulikuwa mtoto," alisema.

Mwaka ule ulikuwa wa Operesheni. Watu wa bondeni, waliokaa kila mmoja na mji wake na ua wake wa minyaa, waliambiwa wahamie kijijini kabla ya mvua. Waliochelewa waliletewa lori. Wanamgambo walipanda juu ya nyumba, wakashusha nyasi za paa, wakazichoma palepale uani. Bibi Limi, mama mzaa baba yake Salvina, alinyanyuliwa na kigoda chake na kuwekwa garini kati ya magunia na kuku. Jiwe lake lilibaki. Dereva alisema yeye hapakii mawe.

Kijijini hapakuwa na mashine ya kusaga. Ilisemekana iko njiani. Wenye meno walitafuna mtama wa kuchemsha. Bibi Limi hakuwa na meno. Aliuweka mdomoni, akauzungusha, akautema kwenye kiganja na kuwapa kuku. Hakulalamika. Siku moja tu aliuliza, "Jiwe langu linakula nini huko?" Wakacheka wote, na yeye akacheka.

Salvina alikuwa darasa la saba, umri wake miaka kumi na tano. Jumamosi alichukua ngozi ya ng'ombe na kamba, akarudi mahame. Ndivyo palivyoitwa tayari, mahali palipokuwa nyumbani. Alilikuta jiwe penye kivuli cha minyaa, akalibingirisha juu ya ngozi, akalifunga na kuanza kuvuta. Ngozi iliacha mfereji mchangani, umenyooka kama barabara. Mwanamgambo Mihayo aliufuata taratibu, akamkuta amekaa anapuliza viganja.

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani ni kijijini. Huko ni mahame. Hujui kwamba ni marufuku kurudi mahame?"

"Nimefuata jiwe la bibi."

"Nimeliona. Sasa nifanyeje, ng'wanone, mwanangu? Nimekuona na wenzangu wameniona nikikuona."

Mihayo alikuwa ndugu wa baba yake marehemu. Alimsaidia kulivuta jiwe mpaka mahakamani, na njiani alimpa maji.

Huko kwao, mtoto akikosa, au hata akisingiziwa, hambishii mkubwa. Hupiga magoti, akapiga makofi polepole, akasema nimekosa. Mkubwa naye husema yamekwisha, na siku hiyohiyo watakula sahani moja. Anayebisha ndiye mbaya. Hivyo ndivyo Febronia alivyomfundisha binti yake asubuhi ya kesi, akimpaka mafuta miguuni, na hivyo ndivyo naye alivyofundishwa.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alikuwa hajamaliza kusoma shtaka, kukaidi amri halali, Salvina akawa tayari yuko chini.

"Nimekosa, baba."

Wazee washauri walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mtoto ana adabu. Hakimu aliandika.

"Mshtakiwa amekiri. Mahakama inakutia hatiani. Kwa kuwa ni mtoto, unaachiwa kwa onyo. Jiwe ni kidhibiti, litabaki hapa."

"Wabeja, baba," Febronia alishukuru, naye akapiga makofi. Walirudi wakijua yamekwisha.

Bibi Limi alikufa mvua zilipoanza. Mashine ilikuja mwaka wa pili yake. Mahakama ikajengewa jumba jipya lenye bati, jengo la zamani wakalichukua watu wa Chama, na jiwe likakutwa humo pamoja na kabati na meza moja.

"Salvina Mabula!"

Aliyeita alikuwa Telesphori, katibu wa tawi. Kando yake alikaa kijana wa suruali ya bugaluu, Bwana Herman wa ofisi ya elimu wilayani. Salvina alikuwa amemaliza kidato cha nne, na chuo cha ualimu kilikwisha kumchagua. Lililobaki lilikuwa neno la tawi juu ya tabia yake, na Landrova iliyosimama nje ilikuwa inarudi mjini na neno hilo jioni ileile.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu ukae," alisema Bwana Herman. Hapakuwa na kiti cha tatu, kwa hiyo Salvina alisimama.

"Umefaulu vizuri, binti. Hisabati hii umeipata wapi? Uliiba?"

"Hapana, Bwana."

"Natania. Katibu, huyu tunamhitaji tangu jana. Kuna shule huku watoto wanafundishwa na waliomaliza darasa la saba juzi." Alifungua kalamu. "Haya. Umewahi kupelekwa mahakamani?"

Telesphori alikohoa. "Hilo ndilo nililotaka kukunong'oneza."

"Kosa gani?"

"Alirudi mahame wakati wa Operesheni."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua jiwe," alisema Salvina.

Bwana Herman alicheka. "Jiwe? Almasi?"

"La kusagia."

"Liko wapi?"

Salvina alinyoosha mkono mlangoni. Bwana Herman alitazama. Kipisi cha juu, kilichokuwa bado kinafuka, kilikuwa chake.

"Mambo ya utoto haya, Katibu."

"Utoto ni utoto, hatia ni hatia. Mwalimu ndiye jicho letu shuleni, Bwana. Kesho wazazi wakisema turudi mahame, huyu atawaambiaje?"

"Kwani huko mahame sasa kuna nini?"

"Kuna shamba."

"La nani?"

Telesphori alipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Mambo yamelegezwa kidogo. Udongo wa mazizi ya zamani una mbolea ya miaka na miaka. Kuuacha hivihivi ni hasara kwa taifa."

Salvina alilijua shamba. Wiki nzima yeye na mama yake walikuwa wanachuma humo. Penye zizi, pamba ya Katibu ilimfika mtu kifuani. Penye jiko la Bibi Limi ilikuwa fupi kidogo, kwa sababu ya majivu.

"Sikiliza, binti," alisema Bwana Herman. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Sitaki uikose nafasi. Sema hapa, mbele ya Katibu, kwamba ulikosa na umejirekebisha. Niandike, yaishe."

Telesphori aliegemea nyuma, akasubiri.

Nje, viganja viwili vilianza kugongana, polepole, kwa kuachana. Febronia alikuwa anamwanzishia. Salvina aliyasikia makofi, na magoti yake nayo yaliyasikia. Alitazama ncha ya kalamu.

"Nikisema nimekosa, utaandika nini?"

"Kwamba umekiri."

"Hata mwaka ule waliandika hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Sikukosa."

Makofi yalikoma.

"Umemsikia mwenyewe," Telesphori alisema bila hasira yoyote. "Miaka mitano yote, hajajirekebisha."

"Ungesema tu, dada," alisema Bwana Herman. "Neno moja." Alingoja kidogo. Kisha aliandika, si mengi, akafunga kalamu na kuichomeka mfukoni. Alipotoka aliliruka jiwe kwa uangalifu asichafue suruali. Landrova iliwaka, ikaondoka, vumbi likaingia ofisini na kutua juu ya meza.

Telesphori alitafuta kufuli kwenye saraka.

"We binti, kabla hujaenda. Sogeza hilo jiwe, nifunge."

Salvina aliinama. Aliliinua upande mmoja, vipisi na maganda yakamwagika kizingitini.

"Usiliache nje," Katibu alisema. "Liingize ndani. Watu wa hapa wataliiba."

Alilisukuma ndani kwa mikono miwili. Lilikwaruza sakafu. Vidole vyake vilikaa ndani ya bonde bila yeye kuvipanga, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kushika. Alilifikisha chini ya dirisha, akaliacha, akatoka. Nyuma yake mlango ulivutwa, kufuli likalia.

Mama yake alikuwa amekwisha kusimama.

"Wamesemaje?"

"Wamefunga."

Febronia aliutazama mlango. Akamtazama Telesphori akipanda baiskeli yake, akapiga goti kidogo kumuaga, naye akapunga mkono. Kisha alizitikisa khanga zake, akajifunga upya, akahakikisha kwamba lile fundo lenye pamba limekaza.

"Twende tukalale mapema," alisema. "Katibu anataka pale penye zizi paishe kabla ya Jumamosi."