Nyumba Iliyoondoka na Mchuzi

Nyumba ilikuwa imeshaanza kuondoka Araba alipofunua chungu atie pilipili. Akadhani ni kizunguzungu. Akachungulia mlangoni: stesheni ya Dunkwa inarudi nyuma, na mumewe, karani wa reli Ebo Acquah, anakimbia kando ya reli, tai ya shingoni imemrukia begani.

"Araba! Ruka!"

"Niruke na mchuzi?"

"Dereva kakosea! Kafunga behewa letu kwenye treni!"

"Behewa? Si wenyewe wamesema ni nyumba?"

Na kweli walisema. Mwingereza wa reli alipomhamisha Ebo kutoka makao makuu Sekondi, Ebo aliomba posho ya nyumba. Karani mkuu, Bwana Blankson, akajibu kwamba Dunkwa ipo nyumba ya serikali, kwa hiyo posho hakuna. Nyumba yenyewe ndiyo hilo behewa la kakao, limeegeshwa pembeni, mijusi wakicheza ngoma juu ya bati. Araba alivumilia mvua zote, kisha akatamka: asipopata chumba chenye dirisha anarudi kwa mama yake Cape Coast, Ebo abaki na mijusi wake. Ebo alikuwa amekonda kwa hofu hiyo.

Araba hakuruka. Alikaa juu ya sanduku, miguu mlangoni, akila dokono, donge la unga wa mahindi, kwa mchuzi wa samaki na kupungia kila stesheni. Watu walivua kofia, wakidhani ni mke wa mkubwa fulani. Alicheka mpaka akapaliwa na mwiba.

Sekondi behewa likasukumwa hadi chini ya dirisha la wahasibu. Blankson akaja mbio na wapakiaji, akapanda ndani.

"Toka, mama. Tunapakia."

"Hodi hukupiga, baba. Lakini karibu, keti."

Akampa maji kwanza, kama apewavyo mgeni yeyote, na Blankson, mtoto wa watu, hakuweza kukataa. Akaketi kwenye sanduku, akanywa.

"Haya. Umekuja na shughuli gani nyumbani kwangu?"

"Sema shughuli, mgeni!" wapakiaji wakadakia.

"Nyumbani gani?" Blankson akafoka. "Hili behewa! Mwenye akili anaishi behewani?"

"Rudia, baba, wa nyuma hawakusikia."

Mzungu mhasibu alikuwa ameinama dirishani, kiko mdomoni. "Blankson, kama hilo ni behewa, ile nyumba ya Dunkwa iko wapi?"

Blankson akatazama kikombe, kisha akajibu:

"Nimekaa ndani yake, bwana."

Mpakiaji mmoja alicheka hadi akalala juu ya gunia.

Posho ililipwa mwezi uliofuata, pamoja na malimbikizo. Ebo na Araba walipanga vyumba viwili kwa muuza chumvi wa Dunkwa, vyenye madirisha matatu. Dereva alikatwa mshahara wa siku moja. Blankson alistaafu akiwa karani mkuu vilevile. Behewa lilirudi kubeba kakao, na wanunuzi wakalalamika harufu ya samaki. Mama yake Araba alikuja kutembea, akakaa miaka minne.