Kizingiti cha Olšinka

Lifti ya jengo lile ilikubali watu wanne na gunia la viazi, lakini jeneza ilikataa. Kwa hiyo Mitro, aliyemaliza miguu yake kwa kupanda milima, sasa ilibidi ateremshwe ngazi mabegani mwa watu. Paraska mkewe alitaka kucheka. Acheke na nani lakini? Aliyekuwa akicheka naye ndiye aliyelala mle ndani, nywele zimechanwa bila ugomvi kwa mara ya kwanza.

Wabebaji walikwisha kuinua, padri kafunga kitabu, na Paraska kasimama mlangoni, hapishi.

"Haagi hapa," alisema. "Hii si nyumba yake."

Kwao kijijini Olšinka maiti hakuondoka hivi hivi kama mgeni aliyechoka kungoja chai. Jeneza liligusishwa kizingitini mara tatu, taratibu, ndiyo kwaheri yake kwa nyumba. Asiyeaga hurudi kuaga. Sasa Mitro angerudi wapi? Olšinka iko chini ya maji. Serikali ilijenga bwawa pale bonde linapobanwa na milima, vijito viwili vinapokutana, ikabomoa nyumba zote na kuwagawia watu vyumba huku mjini. Yalisalia makaburi tu, kwa kuwa wazee walilima bondeni na kuzika mlimani. Huko ndiko Mitro alikokuwa akipelekwa. Kaburi la kwao analo. Mlango wa kutokea ndio hana.

Na mji mzima ulikunywa bwawa lile. Kila asubuhi Mitro alifungua bomba, akaonja, akatangaza kwa uso mkavu kwamba leo maji yametoka uani kwa Fedor, yananuka mbuzi. Hafia, jirani yao tangu Olšinka, alimwambia ashukuru hayajapitia kwake yeye Mitro, mji ungehara.

Siku ya kuhama, wenzao walipakia madirisha, mabati, majiko. Mitro aling'oa kizingiti, kipande cha mwaloni kizito kama ndama. Hafia alimsakama njia nzima, akimuuliza kama nyumba yenyewe itafuata kwa miguu. Paraska naye alicheka. Aliona ni ukaidi tu wa mwanamume aliyekosa cha kupigana nacho.

"Mama," alinong'ona mwanawe Ilko, "watu mikono inawauma."

"Waweke chini. Wewe nenda stoo, kalete kizingiti cha baba yako."

Ilko alikuna shingo. "Lile gogo? Si nimelifanya rafu ya chupa zako za uyoga."

"Basi shusha uyoga wangu polepole. Ukivunja hata moja, utamfuata baba yako."

Mbebaji mmoja alikohoa kuficha kicheko. Ilko alishuka, akarudi anahema, gogo begani, utando wa buibui nyweleni. Walililaza mlangoni juu ya saruji. Hafia akapiga magoti, akalipangusa kwa kanga yake nyeusi ya mabegani.

Paraska aliinama kulinyoosha. Katikati palikuwa pamelika kwa nyayo za watu, zake zikiwemo, tangu alipoingia bibi harusi. Pembeni palikuwa na ukwaruzo mweupe, mfupi kama kidole.

Aliujua. Kila mwaka kabla ya Pasaka Mitro alikipaka kizingiti mafuta, na kila mwaka alipapita pale bila kupapaka. Paraska alimgombeza, mvivu wewe, umeacha sehemu. Naye alijibu atamalizia kesho. Kesho hiyo haikufika.

Sasa ndipo alipoona kuwa ni rangi. Jeneza la Oľenka lilikuwa jeupe. Mtoto wao wa kwanza, homa ilimchukua, na homa hiyohiyo ikamlaza mama mtu asijue asubuhi wala jioni. Mitro alimtoa binti yake peke yake, jeneza kwapani, akamgusisha kizingitini kwa mkono mmoja. Jeneza lilikwaruza pale, rangi ikabaki. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama?" Ilko alimshika kiwiko.

"Mpitisheni," alisema Paraska. "Lakini hapa pembeni. Mgusisheni hapa."

Wakamgusisha, mara tatu. Mwaloni ulitoa sauti nzito iliyoshuka ngazi zote mbele yao, na majirani wa vyumba vingine, wasiojua Olšinka ni nini, walifungua milango wakatazama. Baada ya ile ya tatu, Paraska alipisha.

Chini, jeneza likiingizwa garini, Ilko alimuuliza kwa upole kama wamzike baba na kizingiti chake, maana alikipenda sana.

"Na mimi nitokee wapi?" alisema Paraska. "Kirudishe stoo." Aliifunga kanga yake kidevuni, akapanda gari. "Na uyoga wangu usiweke tena juu yake."