Kaseti Saba za Colombe

Colombe alipostaafu ualimu, mume wake Gaston alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba yao ya mtaa wa Nyawera, mjini Bukavu, ilibaki na yeye na kompyuta ndogo ambayo Gaston aliileta kutoka Ubelgiji mwaka 1985. Iliunganishwa na televisheni, na kazi yake ikahifadhiwa kwenye kaseti kama zile za muziki. Humo Colombe aliingiza maneno ya Mashi, lugha ya kwao, aliyoambiwa na mama yake wa kijiji cha Mumosho, hadi mama naye akaondoka duniani.

Bukavu nzima hakumjua mwingine mwenye mashine ya aina ile. Wenzake walikuwa katika gazeti la chama cha wamiliki wa mashine hizo, lililomfikia kwa posta. Mwanzoni lilikuwa nene, baadaye kurasa nane. Mwaka 1991 ikaja karatasi moja: wanachama wamehamia mashine nyingine, gazeti limekoma. Aliisoma mara mbili, amesimama pale pale posta.

Akazibeba kaseti zake saba hadi kwa Stanislas, aliyeendesha kompyuta katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa.

"Juu ya nini watu waliiacha?" akamuuliza. "Ilikuwa na kosa gani?"

"Haikukuwa na kosa, maman. Wenye kuitengeneza walibakia pale pale. Wengine walikuwa wanaongeza nguvu kila mwaka, wao wanauzisha ileile. Wenye kuandika programu wakaenda fasi wateja wako mingi, kwa mashine za bureau, za kazi ya ofisi. Programu mupya zikakosa, maduka nayo ikaacha kuiuzisha."

"Na kaseti zangu?"

"Yangu inasoma disketi tu. Pole, maman."

Basi Colombe akarudi nyumbani, akawasha mashine, akaanza kunakili daftarini kwa kalamu kila neno lililotokea kwenye kioo. Ilimchukua wiki tano. Kila neno alilitamka kwanza, kisha akaliandika. Hakuna aliyebisha hodi. Kaseti ya sita ilikatika utepe, maneno yake yote yakapotea.

Jumamosi akaenda Mumosho, kwa Eulalie, jirani wa zamani wa mama yake. Akamuuliza neno mojawapo la kaseti ile ya sita: watu wa kule walikuwa wanauitaje ukungu wa asubuhi juu ya mto Ruzizi. Eulalie akafikiri sana.

"Tulikuwa na jina yake," akasema. "Mama yako ndiye alikuwa anaitumia."

Wakanywa chai. Colombe akaacha nafasi ya neno hilo wazi kwenye daftari, akashika njia ya kurudi mjini.