Biblia Inayofunguka Palepale

Mimi si mtu wa kungojea. Nikibandika maji jikoni nafunua sufuria kila mara kuona kama yamechemka, na wiki ile Mungu naye nilimfanyia vivyo hivyo. Nilitaka jibu, na nilitaka nilipate kabla ya Jumamosi.

Jumamosi fundi bomba, mwanamume aliyekuwa akinichumbia, alikuwa anahama. Alikuwa amepata kazi ya kudumu mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na alitaka nimwambie: naenda naye tukafunge ndoa huko, au siendi. Alifiwa na mkewe zamani. Anaimba sauti ya chini katika kwaya yetu na mara nyingi haipati, lakini akinishika mkono nasahau hata nilichokuwa nimekasirikia. Kwa mwanamke wa umri wangu, ambaye shangazi zake wameshakata tamaa hata ya kumwuliza, hilo si jambo dogo. Nilimpenda, nasema wazi.

Kilichonifunga ni Baba. Tangu apate kiharusi upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanamtoka moja moja, kwa jasho. Kaka yangu alishasema atamchukua, na wifi alishaandaa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Hakuna aliyenikataza kuondoka. Lakini mimi ndiye niliyemlisha, nikamwogesha na kugombana naye tangu Mama afariki, na nikaona siwezi kutoka mlangoni mpaka Mungu mwenyewe aniambie nenda.

Basi kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, nilifanya kama Mama alivyokuwa akifanya. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Baba, nikachukua Biblia ya Mama, nikafumba macho, nikaomba, kisha nikaifungua popote na kuweka kidole. Ikafunguka kwenye Ruthu. Yule mkwe anayeambiwa rudi kwenu na hataki, anang'ang'ania kwenda na mama mkwe wake mpaka kaburini.

Nikasema ni bahati tu. Kesho yake, Ruthu. Nikaishika juu chini, Ruthu. Nikaifungulia nyuma ya mgongo wangu, nikageuka kuangalia, na kidole kilikuwa palepale anapokataa kuondoka. Baba alikuwa ananitazama kutoka kitandani, kisha akageuzia uso ukutani.

Mama Mchungaji nilimsimulia nilipompelekea mapazia yake.

"Umeuliza, umejibiwa," akasema huku akipima pazia dirishani. "Sasa unataka nini tena, dada, akupigie muhuri?"

Nilitaka jibu lingine, ndicho nilichotaka. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilishona shati la mteja nikageuza mkono mmoja ndani nje, nikafumua, nikakosea tena vilevile. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba ananionea, kwamba wenzangu aliwaacha wakaolewa bila kuwatolea Ruthu. Halafu nikaogopa, nikaomba msamaha, na kabla sijamaliza kuomba nikawa nimeanza tena kulalamika. Fundi bomba alipiga simu nikaiacha iite.

Ijumaa asubuhi nikaifungua tena. Ruthu.

"Sawa," nikasema kwa sauti. "Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Nikaitupa kitandani, miguuni pa Baba. Maishani mwangu sijawahi kutupa Biblia. Ilianguka kwa mgongo, kurasa zikapepea kidogo, ikatulia wazi, na sikuwa na haja ya kuangalia ni wapi.

Baba akaanza kutikisika. Nikadhani kiharusi kimerudi, nikamrukia. Alikuwa analia. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akaivuta Biblia, akakishika kidole changu na kukiburuta katikati ya kurasa, kule zinakoingia mgongoni. Kulikuwa na kitu kigumu, kimevimba kama mshono uliorudiwa.

"Gundi," akasema. Akapumzika. "Yangu."

Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kiwandani miaka yote ya utoto wangu. Nikaelewa. Mama aliisoma Ruthu mpaka kurasa zikachomoka, naye akazirudisha kwa gundi nzito ya kazini, na tangu hapo kitabu hakikujua kufunguka pengine. Mimi ninayepapasa mishono kutwa sikuwahi kupapasa pale.

"Ulijua?" nikamwuliza. "Wiki nzima unaniangalia tu, na unajua?"

Akaitikia kwa kichwa.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni mtu hamwambii baba yake, nikayameza.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

Mdomo wake ulikwenda upande, ukarudi. "Niliogopa, mama." Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Nilitaka... ubaki."

Nikakaa kitandani. Wiki nzima nilikuwa nauliza kuhusu maisha yake kando ya mto wake, nimefumba macho, na yeye mwenyewe sikumwuliza hata mara moja. Aibu ilinishika. Nikaomba kimoyomoyo, safari hii bila kumchagulia Mungu la kusema.

"Haya, Baba. Sasa nakuuliza wewe. Niende?"

Alifumba macho. Nje kuna mtu alikuwa anafagia, anasimama, anafagia tena. Niliifunga Biblia, nikaifungua, nikaifunga. Baba akafumbua macho, akaichukua mikononi mwangu, akaisukuma polepole chini ya mto wake na kuilalia.

"Bado naogopa," akasema. "Nenda."