Maneno Kumi na Mawili ya Antipasi

Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024. Asubuhi hiyo upepo wa kipupwe ulivuma kijijini Issuna tangu alfajiri, baridi kavu isiyo na wingu, na vumbi likapenya chini ya mlango wa kanisa likatanda juu ya mabenchi.

Zamu ya usafi ilikuwa ya Theodora. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, mama yake Peniel, na kijiji kizima kilimjua kwa maombi yake marefu. Kanisa hilohilo, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, liligeuka darasa la Kiingereza la watu wazima, naye hakuwahi kukosa.

Wiki iliyotangulia Mwalimu Witness alikuwa amewapa kazi: kila mmoja alete maneno ya Kiingereza yenye herufi tano kamili, na ndani ya kila neno ziwemo A na E. Simu isiguswe, mtoto asiulizwe. "Yatafuteni kwa macho yenu wenyewe," alisema. Kwa siku tano Theodora alipata mawili tu, water na table. Akafunga siku nzima akimwomba Mungu ampe mengine.

Sasa alipokuwa anapangusa vitabu vya nyimbo, karatasi ilidondoka kutoka katika kimoja. Ilikuwa na maneno kumi na mawili. Maize. Brake. Heavy. Plate. Alihesabu herufi kwa kidole, neno baada ya neno. Yote yalikuwa na tano. Akapiga magoti palepale vumbini.

"Asante, Bwana. Umenisikia."

Lakini mwandiko aliujua. Herufi zile zilizoinama kama uwele uliolazwa na upepo zilikuwa za Antipasi, mzee aliyekaa naye benchi moja darasani. Bila shaka alikuwa ameisahau humo Jumapili. Theodora alijua, akajifanya hajui. Aliyanakili yote, karatasi akaitia motoni alipofika nyumbani.

Kesho yake darasani walisoma kwa zamu. Theodora alisimama, akasoma kumi na mawili bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Kisha ikaja zamu ya Antipasi.

"Karatasi yangu imepotea," alisema, "lakini yamo kichwani." Akaanza: maize, brake, heavy, plate. Yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Miraji, fundi baiskeli, akapasuka kicheko. "Karatasi imepotea! Mbuzi wako ameshiba Kiingereza, mzee!"

"Mzee Antipasi," mwalimu akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "ungekuja na matatu tu ya kwako, ningefurahi zaidi."

Antipasi alimtazama Theodora. Alingoja kidogo, kama mtu anayengoja kurudishiwa kitu chake. Theodora akainama, akajifanya anatafuta kalamu. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Jioni hiyo Theodora akachaguliwa kiranja wa darasa.

Hakuna aliyejiuliza mjane asiye hata na baiskeli alikutana wapi na neno brake. Antipasi alilitoa kwenye kopo la mafuta ya breki dukani kwa Ramniklal, Singida mjini, alipopeleka alizeti yake. Maize alilitoa kwenye mfuko wa mbegu. Alisoma kila kopo na kila gunia lililopita mbele yake, na alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma aliwanywesha maksai wake wawili dawa ya kuogeshea, kwa kuwa kopo liliandikwa Kiingereza na mtu aliyemsomea alikuwa na haraka. Wote wawili walikufa kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana alianza shule akiwa na miaka hamsini na minane.

Juni ikaisha, benchi likabaki na mtu mmoja. Theodora aliungama kwa Mungu kila alfajiri. Hata hivyo aliinuka na uzito uleule, maana aliyechekwa hakuwa Mungu.

Siku ya mnada alimwona Antipasi mbele ya duka la dawa za mifugo, chupa mkononi, akimwomba mpita njia amsomee. Mpita njia hakusimama. Antipasi akageuka, akamwona Theodora karibu naye, mtu ambaye angeweza kumsomea. Akaificha chupa ndani ya koti.

Alhamisi iliyofuata Theodora alisimama mbele ya darasa, akasema yote, hata ule moto. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Witness alikaa chini, akafunika uso kwa mikono.

Jumamosi walikwenda watatu: Theodora, mwalimu na Miraji. Antipasi na mkewe Kristina walikuwa uani wakipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo, Baba Stefano," Theodora alimwamkia Antipasi.

"Marahaba. Leo kanisa zima limehamia kwangu?"

Theodora akasema kosa lake upya, machozi yakimtoka. Mwalimu naye akaomba radhi. Miraji akavua kofia. "Mzee, mimi mdomo wangu hauna breki. Nisamehe."

Antipasi aliendelea kupiga alizeti. "Kuchukua si kitu, Mama Peniel. Ungeniomba ningekupa, hata ishirini. Ila walinicheka na wewe ulikuwepo. Nilikungoja useme."

"Najua. Nilikuona ukingoja."

"Rudi darasani, mzee," mwalimu akasema. "Mtihani ni Novemba."

"Nirudi na daftari gani? Muulizeni huyu."

Kristina akaonyesha kwa kidevu beseni la karanga za kuuza. Kila fungu lilikuwa limeviringishwa kwenye ukurasa wenye herufi zilizoinama. "Alisema ni takataka," alisema. "Nimefungia. Zimebaki kurasa mbili."

Theodora aliokota fungu moja, akalishika kama kitu kilichovunjika. Chozi likadondokea wino, ukasambaa.

"Kichwa hiki kimeshafunga," Antipasi alisema. "Nendeni salama. Nimesamehe, lakini pale sirudi kukaa."

Mwalimu akageuka kuondoka, na Miraji nyuma yake. Theodora hakusogea. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akapaza sauti hata majirani waliokuwa ng'ambo ya ua wakaacha kazi wakasikiliza.

"Mama Stefano, mwalimu, Miraji, na ninyi majirani, mnishuhudie. Ukiranja nimeuacha. Kila Jumanne na Alhamisi, darasa likiisha, nitakuja hapa na daftari, nimsomee Baba Stefano kila tulichofundishwa. Akinifukuza nitasomea nje ya ua. Na mtihani wa Novemba sitaufanya, wala wa mwaka unaofuata, mpaka siku yeye atakapoingia mlangoni kuufanya, nami nyuma yake. Nimesema mbele za Mungu na mbele yenu."